Kulala katika Nyumba za Kale za Wanewari Mjini Patan: Mwongozo Kamili

Patan uko ng'ambo ya mto Bagmati, kusini mwa Kathmandu. Serikali ya Nepal huuita Lalitpur, na Wanewari, wenyeji wa bonde la Kathmandu walioujenga, huuita Yala. Ulikuwa makao ya ufalme wake wenyewe chini ya wafalme wa Malla, hadi Prithvi Narayan Shah, mfalme wa Gorkha, alipoiteka miji ya bonde hilo mwaka 1768 na 1769. Kiwanja cha ikulu yake, Durbar Square, kimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1979. Katika vichochoro vinavyokizunguka, nyumba za familia za matofali na mbao zimegeuzwa hoteli ndogo zenye vyumba vitano, vinane, pengine viwili tu.

Kosa la kwanza la wageni wengi ni kuchagua chumba kwa picha ya dirisha lenye nakshi. Chagua nyumba kwanza: imejengwaje, ilitengenezwaje baada ya tetemeko la 2015, iko katika ua gani, ngazi zake zikoje. Ukiipata nyumba sahihi, hata chumba chake kidogo kitakufaa.

Patan, Bhaktapur au Kathmandu?

Miji yote mitatu ni ya Kinewari na yote ina hoteli za namna hii. Bhaktapur, kilomita 13 hivi mashariki, ndio mtulivu zaidi, lakini kila safari ya kwenda Kathmandu na kurudi inakula nusu siku. Kathmandu kuna Dwarika's, hoteli iliyotokana na kazi ya Dwarika Das Shrestha, ambaye kuanzia 1952 aliokoa mbao za nakshi kutoka nyumba zilizokuwa zikibomolewa. Inastahili kuonwa hata kama hulali hapo, maana bei yake ni mara kadhaa ya zile za Patan, na haimo ndani ya mji wa kale. Kwa anayekaa usiku mitatu hadi mitano, Patan ndio unaofaa. Una mji wa kale unaoishi, mafundi wanaofua shaba, jumba la makumbusho lililo bora katika bonde zima, na Kathmandu iko karibu kwa teksi.

Ndani ya Patan, njia kuu mbili hukutana Mangal Bazar, mbele ya ikulu, na kuugawa mji robo nne. Kaskazini ya kiwanja ni Swotha, kisha Kwa Bahal penye Hekalu la Dhahabu, kisha Kumbheshwar na hekalu lake la paa tano. Kusini-mashariki ni Mahabouddha na Oku Bahal, mtaa wa mafundi wa sanamu. Swotha iko karibu na kila kitu na hoteli zake ni nyingi, lakini pikipiki hupita. Upande wa Oku Bahal ni wa kimya jioni, isipokuwa mchana nyundo za mafundi hazilali. Mwenye usingizi mwepesi aepuke vyumba vinavyotazama Mangal Bazar yenyewe.

Ijue nyumba kabla ya kuilipia

Nyumba ya Kinewari ina kina cha mita sita hivi kutoka mbele hadi nyuma, hata kama sura yake ya mbele ni pana. Katikati unapita ukuta wa tatu, sambamba na ule wa mbele na wa nyuma. Kuta zina unene wa sentimita 45 hadi 60, kwa hiyo chumba kinachobaki kila upande kina kina cha mita mbili na robo tu. Weka humo kitanda cha sita kwa sita na nafasi ya kupita inabaki sentimita 40. Hilo si ubahili wa mwenye hoteli, ndivyo nyumba ilivyo. Kwenye sakafu za juu ukuta wa kati mara nyingi hubadilishwa na safu ya nguzo za mbao, na hapo ndipo utapata chumba kipana.

Sakafu zina majina na kazi. Ya chini, chheli, ilikuwa ya stoo, duka au karakana. Ina unyevu unaopanda kutoka ardhini, na Wanewari hawakulala hapo. Inayofuata, mata, ni ya kulala. Juu yake ni chota, sebule ya familia, yenye dirisha kubwa la san jhya ambalo mtu anaweza kukaa ndani yake akatazama mtaa. Juu kabisa chini ya paa ni baiga, jiko na mahali pa ibada, sehemu safi kuliko zote kwa imani yao. Jiko liliwekwa juu ili moshi utoke paani na ili mgeni asiyehusika asilifikie. Hoteli nyingi zimehifadhi mpango huo: mapokezi chini, vyumba katikati, kifungua kinywa juu.

Sasa ukuta wenyewe, kwa kuwa hapa ndipo penye usalama wako. Ukuta wa kale una tabaka tatu: nje matofali ya kuchoma yaliyosuguliwa vizuri, yanayoitwa dachi appa, ndani matofali mabichi, na katikati vipande vya matofali na udongo. Vyote vimeshikwa kwa udongo, si saruji. Tetemeko linapotikisa, tabaka la nje hujitenga na la ndani, likafanya tumbo, kisha likaanguka kichochoroni. Tarehe 25 Aprili 2015, kwa ukubwa wa 7.8, mahekalu ya Char Narayan na Hari Shankar pale Durbar Square yaliporomoka, na nyumba nyingi za bonde zilipasuka namna hiyohiyo. Tarehe 12 Mei likaja jingine la 7.3.

Nyumba iliyotengenezwa vizuri baada ya hapo ina dalili ambazo hata asiye fundi anaweza kuziulizia. Mikanda ya mbao au chuma huzunguka kuta kila sakafu, kama linta inavyofunga nyumba ya matofali kwetu. Boriti za sakafu zimefungwa ukutani kwa vigingi vya mbao vinavyoitwa chukul, ili ukuta usikimbie na kuacha boriti hewani. Tabaka za ukuta zimeunganishwa kwa mawe au mbao zinazopenya kutoka upande hadi upande. Na paa limepunguzwa uzito: vigae vidogo vya jhingati zamani vililazwa juu ya tabaka nene la udongo, ambalo lilikuwa zito, liliota majani na kuvuja, na mafundi wa sasa huliondoa wakaweka karatasi ya kuzuia maji chini ya vigae.

Hoteli zinazojiita za urithi ziko za aina tatu, na matangazo hayazitofautishi. Ya kwanza ni nyumba ya kale iliyoimarishwa mahali pake. Ya pili ilibomolewa na kujengwa upya kuanzia msingi, kwa madirisha, nguzo na milango ya zamani. Ya tatu ni fremu ya zege na nondo iliyovikwa matofali ya dachi appa na madirisha mapya ya nakshi. Zote zinaweza kuwa nzuri. Kwa maoni yetu ya pili ndiyo mapatano bora, maana unapata mbao za kweli na ukuta uliofungwa sawasawa. Ya kwanza ichague tu kama mwenyewe anaweza kueleza alichofanya. Ya tatu haina aibu, mradi bei yake isiwe ya nyumba ya miaka 200. Anayesafiri na mzee au watoto wadogo atashukuru ngazi zake za kawaida.

Ukitembea mtaani utaona sura za nyumba zilizokatwa wima, nusu matofali ya kale na nusu zege yenye rangi. Baba anapofariki, ndugu hugawana nyumba kwa wima, kila mmoja kipande chake kutoka ardhini hadi paani, na kila mmoja huamua peke yake abomoe au ahifadhi. Kodi ya vyumba mara nyingi ndiyo sababu kipande fulani bado kina madirisha yake. Kwa hiyo fedha unayolipa moja kwa moja kwa mwenye nyumba ina kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Ujumbe wa kutuma kabla ya kulipa

Usiweke amana kabla ya kupata majibu ya maswali haya. Yatume yote kwa mara moja, kwa maneno mafupi:

1. Nyumba ni ya zamani iliyoimarishwa, iliyojengwa upya, au ya zege? Ilifanyiwa nini baada ya 2015?
2. Chumba kiko sakafu ya ngapi, na kimo chake chini ya boriti ni sentimita ngapi? Mlango je?
3. Ngazi ni za mteremko wa kawaida au za kusimama? Kuna njia ya pili ya kutokea moto ukitokea?
4. Maji ya moto yanatoka kwenye sola, umeme au gesi? Kama ni gesi, mtungi na hita viko wapi?
5. Kuna hita chumbani wakati wa baridi, na inalipiwa?
6. Dirisha linatazama ua au mtaa? Lina wavu wa mbu?
7. Bei ni pamoja na kodi zote na kifungua kinywa?
8. Gari linafika umbali gani kutoka mlangoni, na kuna mtu wa kubeba mizigo?

Jibu la swali la nne lisome kwa makini kuliko mengine. Hita ya gesi iliyofungwa ndani ya bafu dogo lisilo na tundu la hewa huua kwa gesi ya kaboni monoksidi, sawa na jiko la mkaa lililoachwa chumbani usiku. Watu hufa hivyo katika bonde la Kathmandu wakati wa baridi. Hita ya gesi ikiwa ndani ya bafu, chukua chumba kingine au hoteli nyingine, hata kama dirisha lake ni zuri namna gani.

Mwenye hoteli anayejibu swali la kwanza kwa sentensi tatu zenye mbao, chokaa na mwaka ndani yake anaijua nyumba yake. Akijibu "ni ya asili kabisa, usijali", uliza tena.

Kuchagua chumba

Kimo chini ya boriti katika nyumba za kale huwa kati ya mita 1.8 na 2.1, na milango huishia mita 1.5 hivi. Mtu wa futi sita atagonga kichwa, na atagonga usiku, akienda msalani nusu usingizini. Mrefu aombe chumba cha sakafu iliyopandishwa wakati wa ujenzi mpya, au cha chini ya paa penye kilele kirefu. Huko kitanda kiwe katikati, si pembeni paa linaposhuka.

Chumba cha paani kina mwanga na mandhari. Kina joto Mei na baridi Januari, na mvua ikipiga vigae utaisikia. Cha kati, mata au chota, ndicho chenye hali ya hewa tulivu, kwa sababu kuta nene hutunza joto. Cha chini kikatae wakati wa masika yao, Juni hadi Septemba: shuka hazikauki na harufu ya ukungu huingia kwenye nguo.

Dirisha la tiki jhya, lile la vijiti vilivyosukwa bila msumari, hukuwezesha kuona nje bila kuonekana. Ni zuri ajabu, lakini huingiza mwanga kidogo, vumbi, na mbu kama halina wavu ndani. Anayetaka kusoma au kufanya kazi kwa kompyuta aombe chumba chenye angalau dirisha moja linalofunguka kabisa.

Wakati wa kwenda

Oktoba na Novemba ndiyo miezi bora: anga safi, usiku wa baridi ya kuvumilika. Ndiyo pia miezi ya bei ya juu, kwa hiyo agiza miezi miwili au mitatu mapema. Desemba na Januari mchana una jua, lakini usiku joto hushuka hadi nyuzi 2 au 3, na nyumba hizi hazina mfumo wa kupasha joto jengo zima. Machi hadi Mei moshi na vumbi huziba milima, wenye pumu wapange mwezi mwingine. Kwenye mvua bei hushuka na vichochoro hung'aa, ila dengue hupanda. Mwaka 2022 Lalitpur ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoathirika sana. Mbu wake huuma mchana, na vyungu vya maua uani ndiyo mazalio yake, kwa hiyo paka dawa ya mbu asubuhi, si jioni tu.

Sherehe hubadili kila kitu. Kati ya Aprili na Juni gari la kamba la mungu wa mvua, Rato Machhindranath, lenye mnara unaozidi mita 15, huvutwa na umati kutoka Pulchowk kupita mitaa ya Patan hadi Jawalakhel. Siku linapopita mtaa wako, hakuna teksi itakayoingia. Agosti kuna Mataya, msafara wa waumini wanaopita ua hadi ua tangu alfajiri. Wakati wa Dashain, sikukuu kubwa ya Wahindu ya Septemba au Oktoba, wafanyakazi wengi huenda kwao na maduka hufungwa, hivyo uliza mapema kama jiko la hoteli litafanya kazi.

Visa, fedha na kodi

Visa hutolewa uwanja wa ndege wa Tribhuvan: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, dola 125 kwa siku 90. Jaza fomu mtandaoni ndani ya siku 15 kabla ya kufika, chapisha karatasi yake, na uwe na dola taslimu. Raia wa baadhi ya nchi, zikiwemo Somalia na Ethiopia, lazima wapate visa ubalozini kabla ya safari. Kila mwenye pasi ya Afrika Mashariki au Kongo athibitishe na ubalozi wa Nepal kabla ya kukata tiketi, na abebe kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano.

Hoteli ya namna hii Patan hugharimu takriban dola 50 hadi 150 kwa usiku. Kodi ya VAT ni asilimia 13. Chumba cha dola 80 kisicho na kodi kinakuwa dola 90.40. Hoteli ikiongeza kwanza ada ya huduma ya asilimia 10 kisha VAT juu yake, unalipa dola 99.44. Ndiyo maana swali la saba halina budi kujibiwa kwa maandishi.

Lipa kwa kadi kama mashine ipo, lakini usiitegemee, maana umeme au mtandao ukikatika mashine nayo hulala. Kuwa na rupia za usiku mmoja na chakula cha siku mbili. Mashine za benki hukata ada kila unapotoa, kwa hiyo toa kiasi kikubwa mara moja kuliko kidogo mara nne.

Kufika

Kutoka uwanja wa ndege hadi Patan ni kilomita saba hivi, dakika 20 usiku na hata saa nzima jioni. Waambie hoteli wakutumie gari, au chukua teksi ya kulipia dirishani kabla ya kutoka. Dereva hatajua jina la hoteli yenye vyumba sita. Mpe alama: Patan Dhoka, lango la kale la kaskazini-magharibi, au Mangal Bazar. Kutoka Patan Dhoka hadi Swotha ni mwendo wa dakika kumi kwa mguu.

Hapo ndipo mizigo huleta taabu. Vichochoro vimesakafiwa kwa matofali na mawe, na magurudumu ya sanduku hukwama kila hatua. Ndani, ngazi ni nyembamba kiasi kwamba sanduku kubwa halipiti kona. Chukua begi la mgongoni au la mkononi lisilozidi kilo 15. Waliobeba masanduku makubwa mara nyingi hulazimika kuyaacha mapokezi na kupanda na nguo za siku mbili mbili.

Ukiwa na plagi ya miguu mitatu bapa ya Kenya, Tanzania au Uganda, beba adapta, soketi za Nepal ni za miguu ya duara. Anayetoka Burundi, Rwanda au Kongo na plagi ya miguu miwili ya duara hana tatizo. Umeme ni volti 230. Na saa zao ziko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa mbili na dakika 45, mbele ya Muscat kwa saa moja na dakika 45. Hizo dakika 45 zimewachelewesha wengi.

Saa ya kwanza chumbani

Fanya haya kabla ya kufungua begi, wakati bado unaweza kubadilishiwa chumba. Fungua maji ya moto uyaache yatiririke dakika tatu. Washa taa zote na hita kwa pamoja uone kama swichi kuu inakata. Tazama pembe za dari: duara la kahawia ni alama ya paa kuvuja. Nyufa za lipu, nyembamba kama unywele, ni za kawaida. Ufa unaoingiza ncha ya kidole, unaopanda kwa ngazi kufuata matofali, au ukuta uliovimba kuelekea nje, ni sababu ya kuomba chumba kingine.

Kisha pima njia: hatua ngapi kutoka kitandani hadi ngazi, kutoka ngazi hadi uani. Baadhi ya ngazi za kale zina mfuniko wa mbao sakafuni unaofungwa usiku, uliza unafunguliwaje. Ngazi zilizosimama hushukwa kinyumenyume, uso ukizitazama, mkono mmoja kwenye kamba au fito. Usizishuke na soksi: vipandio vya mbao vimelainika kwa miaka mingi ya nyayo.

Weka tochi, viatu na pasi mahali pamoja kando ya kitanda. Tetemeko likija usiku, usikimbilie kichochoroni wakati bado linatikisa, kwa sababu huko ndiko matofali na vigae huangukia. Jikinge chini ya meza imara au kando ya kitanda, ukifunika kichwa. Likitulia, vaa viatu, toka hadi ua mpana au kiwanjani, na usirudi ndani hadi mwenye nyumba aikague.

Maji, baridi na umeme

Bonde hili lina shida ya maji ya miaka mingi. Alfajiri, pale Manga Hiti, bomba za mawe zilizochimbwa chini ya usawa wa kiwanja bado hutoa maji, na wakazi hupanga foleni na madumu. Hoteli nyingi hununua maji ya boza na kuyajaza kwenye tangi la paani. Oga kwa dakika chache, na usinywe ya bombani hata kidogo. Omba ujaziwe chupa kutoka kwenye lile dumu kubwa la lita 20, ni bure au bei ndogo kuliko chupa za dukani.

Maji ya sola huwa moto zaidi saa tisa alasiri hadi saa moja jioni. Anayeoga saa kumi na mbili asubuhi mwezi Januari atapata ya vuguvugu, halafu baridi. Badilisha saa yako ya kuoga badala ya kulalamika mapokezi. Kwa baridi, omba blanketi la pili na chupa ya maji moto ya kuweka miguuni, ambayo husaidia kuliko hita ndogo ya umeme katika chumba chenye dirisha la nakshi linalopitisha upepo.

Kuishi uani

Nyumba nyingi hutazama bahal, ua wa watawa wa Kibudha wa zamani ambao leo ni wa familia zilizotokana nao. Katikati kuna mnara mdogo wa ibada, chaitya, na upande mmoja mahali patakatifu. Ua huo una wenyewe. Watoto huchezea hapo, nafaka huanikwa hapo, maiti hupitishwa hapo. Mgeni anapita kama anavyopita ndani ya boma la mtu: kwa salamu na sauti ya chini.

Mbele ya mlango kuna jiwe lililochongwa, pikha lakhu, linalowakilisha mungu wa kizingiti. Wengi hulikanyaga bila kujua kwa sababu liko sawa na sakafu. Litazame, liruke. Chaitya izunguke ukiiweka mkono wako wa kulia. Katika Hekalu la Dhahabu viatu na vitu vya ngozi huachwa nje. Ndani ya Krishna Mandir, hekalu la mawe la 1637, wasio Wahindu hawapandi, litazame kutoka nje. Ukiona mlango wa ndani uliofungwa kwenye nyumba uliyofikia, usiulize kufunguliwa: huenda ni agan, madhabahu ya ukoo, isiyoonyeshwa hata kwa jirani.

Vibaraza vyenye paa kando ya njia, falcha, vilijengwa kwa wapita njia na wazee, na mtu wa pwani ya Waswahili atajua mara moja jinsi ya kukaa hapo: salimu, sogea, sikiliza. Namaste inatosha. "Jojolapa" ni salamu ya Kinewari na hufungua nyuso haraka zaidi.

Kengele huanza kabla ya jua kuchomoza, saa kumi na moja au mapema zaidi. Kwa mwenye usingizi mwepesi, vizibo vya masikio ni lazima. Ila ni vyema kuamka nazo walau siku moja, kuona sahani za wali na maua zikipelekwa mahekaluni kabla watalii hawajafika. Tiketi ya kiwanja kwa mgeni ni rupia 1,000 na inajumuisha jumba la makumbusho. Siku ya kwanza uliza dirishani namna ya kuiongezea siku, ukiwa na pasi yako, kisha tembea nayo.

Chakula

Kifungua kinywa cha hoteli huwa mayai, mkate na chai. Omba cha Kinewari siku moja mapema, kwa kuwa dengu za kutengeneza wo, chapati nene ya dengu zilizosagwa, hulowekwa usiku. Sahani kamili ya samay baji ina baji, mchele uliopondwa ukawa bapa na mkavu, pamoja na maharage ya soya, tangawizi, yai, na choila, nyama ya nyati iliyobanikwa na kuungwa kwa viungo. Ng'ombe haliwi kabisa, kumchinja ni kosa la jinai. Aila, pombe kali ya nyumbani, huja na sahani hiyo bila kuulizwa, asiyekunywa aseme mapema ili asimwaibishe mwenyeji aliyekwisha mimina.

Kwa Waislamu, nyama ya migahawa ya Patan ichukuliwe kuwa si halali mpaka uambiwe vinginevyo. Wo tupu au yenye yai, chatamari (chapati nyembamba ya unga wa mchele) ya mboga na mtindi vinatosha siku nzima. Nyama ya halali inapatikana Kathmandu, karibu na misikiti miwili ya Jame upande wa Ghantaghar, na Ijumaa safari hiyo inajilipa yenyewe. Uliza pia kama wo imekaangwa kwenye kikaango kilekile cha nyama.

Kuondoka

Omba bili usiku wa kuamkia safari. Tarehe yake inaweza kuwa ya kalenda ya Bikram Sambat, iliyo mbele ya yetu kwa takriban miaka 57, kwa hiyo mwaka wa miaka ya 2080 kwenye risiti si kosa. Linganisha kodi na ujumbe wa swali la saba. Ndege ikiwa ya alfajiri, mwombe mwenye hoteli apange teksi isubiri Patan Dhoka, na mtu akusindikize na tochi hadi hapo.

Kama umenunua sanamu ya shaba Oku Bahal, pata cheti cha Idara ya Mambo ya Kale kinachosema si kitu cha kale. Mafundi hawa huipaka shaba mpya rangi ya umri kwa ustadi mkubwa, na ofisa wa forodha hana njia ya kujua. Muuzaji hushughulikia cheti hicho ukimpa siku mbili za kazi. Jumamosi ofisi zimefungwa, hivyo aliyenunua Ijumaa jioni na kuruka Jumapili asubuhi ataiacha sanamu nyuma.